Kitabu Kilichogawanywa Kama Shamba

Mume wangu husema mimi ni mgonjwa, na ugonjwa wangu ni wa vumbi. Simjibu. Mtu aliyeficha redio mbovu chini ya kitanda kwa sababu "siku moja zitatengenezwa" hana mdomo wa kuniambia kitu.

Nina kibanda cha kutoa kopi na kujalidi vitabu hapa Nchiru, karibu na chuo kikuu. Wanafunzi huniita mama wa kopi. Wanakuja mbio na maripoti yao, jasho likiwatoka, eti mwalimu anafunga ofisi sasa hivi, na mimi natoboa, napaka gundi, nashona, nawafukuza. Kazi hiyo ndiyo inayonunua unga. Lakini furaha yangu iko nyuma ya pazia, kwenye rafu nilizotengenezewa na fundi wa jirani. Hapo naweka vitabu vya zamani vyenye picha. Nina kitabu cha magonjwa ya ng'ombe ambacho huwezi kukifungua ukiwa umetoka kula. Nina kitabu cha ushonaji chenye wanawake wa Kizungu waliovaa magauni mapana kuliko mlango wangu, na nikiwa na huzuni nakifungua hicho. Nina Biblia ya picha ambayo twiga wa Nuhu ana shingo fupi na madoa ya chui, maana aliyemchora, naapa, hakuwahi kuona twiga hata siku moja.

Kukusanya vitabu hivi huku kwetu ni vita. Kuna panya, kuna mvua inayopita kwenye mabati, na kuna wauza njugu. Wauza njugu ndio wanaonipandisha presha. Siku moja sokoni Meru nilimkuta mama mmoja anafunga njugu kwa kurasa za kitabu cha zamani cha maua, anazichana moja moja, anazikunja, anatia njugu, huku anaimba nyimbo za kanisani. Nilimwambia aniuzie kitabu kilichobaki. Akasema akiniuzia atafungia njugu kwa nini? Kwa kichwa? Basi nikanunua njugu zote, na kikapu. Nyumbani tulikula njugu mpaka watoto wakaanza kulala mapema ili wasiitwe mezani.

Watu huniuliza kwa nini nisinunue mbuzi, au ploti, kama watu wenye akili. Nami huwaambia ukweli. Baba yangu alipogawa shamba lake, kaka zangu walipata kila mmoja kipande chake, kirefu na chembamba, kutoka barabarani hadi mtoni, kama inavyofanywa kwetu, ili kila mtu apate pa kupitia na pa kuteka maji. Mimi nilipata baraka. Baba aliniwekea mkono kichwani, akaniombea vizuri sana, hata nikalia. Baraka ni nzuri, lakini jaribu kupanda viazi juu yake. Kwa hiyo vitabu ndivyo shamba langu, na mtu asinisumbue.

Sasa niwaambie kuhusu kitabu cha ndege.

Chama chetu cha akina mama hutembeleana nyumbani kwa zamu. Mwezi huo ilikuwa zamu ya mwenzetu wa Kanyakine, mama mpole ambaye mume wake ni mzee wa kahawa na ndizi, kifungua mimba wa kwao. Sebule yao ilikuwa kama sebule zetu zote: viti vimevaa vitambaa vya kufuma, na juu kabisa karibu na dari zimepangwa picha za arusi, picha za mahafali, na kalenda za miaka iliyokwisha ambazo hakuna anayethubutu kuziondoa. Nilikuwa nimeinua kikombe cha chai. Nikamwona tai.

Hakuwa tai wa kalenda. Alikuwa amechapwa zamani, halafu akapakwa rangi kwa mkono, kila unyoya na kivuli chake, na jicho lake lilikuwa linanitazama mimi kana kwamba nimemwibia kitu. Nikaweka chai chini. Nikavua viatu. Nikapanda juu ya kiti cha watu.

"Ai! Umeona nyoka?" akina mama wakapiga kelele, na mmoja akainua miguu juu.

"Mzee," nikasema nikiwa huko huko juu, "huyu tai mmemtoa wapi?"

Mzee alicheka, akaniambia nishuke kwanza nisije nikavunjika nikamletea kesi. Nikashuka. Kisha akaniambia, kwa fahari kabisa, kama mtu anayesimulia jinsi alivyomsomesha mtoto, "Huyo ni urithi wangu."

Baba yao alikuwa mpishi wa hospitali ya misheni. Nesi mmoja Mzungu, alipokuwa anarudi kwao kwa mara ya mwisho, alimwachia kitabu kikubwa cha ndege, cha zamani hata wakati huo, chenye picha za rangi na maelezo. Baba yao alikiweka ndani ya sanduku la bati, na hakuna aliyekigusa bila kunawa mikono. Baba huyo alipofariki, wana wake watatu walikaa chini na mjomba wao, wakagawana shamba. Wakagawana ng'ombe. Wakagawana mizinga ya nyuki na mabati ya ghala. Halafu wakafungua sanduku, wakakuta kitabu.

"Na kitabu mkakifanya nini?" nikauliza.

"Tukagawana," akasema mzee. "Sawasawa kabisa. Majirani zetu waligawana ng'ombe mmoja tu wakafika kwa chifu. Sisi hata kitabu tuligawana, na hakuna aliyenung'unika."

Nikamwuliza waligawana vipi, maana kitabu si ng'ombe. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgeni. Mjomba alikataa kabisa wakikate mafungu matatu. Alisema shamba haligawanywi hivyo, eti huyu achukue lote la juu karibu na barabara na yule aachiwe bonde. Kila mtu lazima apate juu, katikati na chini. Kwa hiyo wakachukua wembe mpya, wakakata kurasa zote vizuri bila kuchana, na mjomba akaanza kugawa: moja ya mkubwa, moja ya wa pili, moja ya mdogo, halafu tena mkubwa, mpaka mwisho wa kitabu. Hivyo kila mmoja akapata mwanzo, katikati na mwisho.

Na hivyo, jamani, picha ya tai ilienda Kanyakine, na ukurasa wenye maneno ya tai ukaenda Mikinduri, kwa ndugu wa pili. Picha ya kanga ilikuwa Mikinduri, habari zake ziko Nchiru, kwa mdogo wao. Nilishika kichwa. Mzee alidhani nimeguswa na hekima ya mjomba, akaniongeza chai.

"Hamkuwa na dada?" nikauliza.

"Tuko na mmoja. Yeye alikuwa ameshaolewa Embu." Akatabasamu. "Huyo naye hatukumwacha hivi hivi. Alipewa ganda."

"Ganda gani?"

"Lile gumu la nje. Na bundi."

Bundi, alinieleza, alikuwa amemwangukia ndugu wa pili, yule wa Mikinduri, na akakataa katakata kuingiza ndege huyo nyumbani kwake. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali, wanaanza kuhesabu wagonjwa. Ndugu mdogo naye akamkataa, na mkubwa akamkataa. Ndipo mjomba akasema, basi apewe msichana pamoja na ganda, asiseme amerudi kwa mume wake mikono mitupu.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa sioni barabara. Nilikuwa nakitaka kitabu kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nimewahi kutaka vitu vingi. Nilimwambia mume wangu kwamba nitakikusanya chote, ukurasa kwa ukurasa, na kukishona mwenyewe, na kitakaa katikati ya rafu yangu mpaka nife.

"Na wakikataa?" akauliza.

"Watakataa mwanzo."

"Na mwisho?"

"Mwisho watachoka na mimi. Wewe hukuchoka?"

Akasema hilo ni kweli, na akarudi kwenye redio yake.

Mzee wa Kanyakine alikataa mwanzo, kama nilivyosema. Urithi hauuzwi. Nikamwambia sinunui. Nikamweleza mpango wangu: anipe kurasa zake, niziunganishe na za ndugu zake, halafu kila mmoja nimtolee kopi ya rangi ya kitabu kizima, picha zote niziweke plastiki, zing'ae, zisishikwe na moshi wala inzi.

Akafikiri sana. "Kwa hiyo mimi nitakuwa na sehemu yangu, na pia za wale wengine?"

"Zote, mzee."

"Shamba lote?"

"Toka juu mpaka chini."

Alimteremsha tai ukutani yeye mwenyewe siku hiyo hiyo.

Wa Mikinduri ndiye aliyenitoa jasho. Yeye ni mfanyabiashara wa miraa, ana duka, na kurasa zake alikuwa amezipanga chini ya kioo cha kaunta, ili wateja wakisubiri chenji wawe na kitu cha kutazama. Kanga wake alikuwa ameliwa na jua mpaka akabaki kama kuku mgonjwa. Nilienda na kiondo chenye sukari na majani ya chai, kama inavyofaa. Akapokea, mke wake akakijaza kiondo nduma na ndizi, maana kiondo cha mgeni hakirudishwi kikiwa kitupu, na mimi nikarudi Nchiru na nduma badala ya ndege. Nikaenda tena. Nikarudi na viazi. Kila tukianza kuongea aliniuliza swali lile lile: "Unataka ndege wangu waruke waende Nchiru? Na mimi nibaki na kioo?"

Safari iliyofuata nikabadilisha mbinu. Nilikuwa nimebeba kopi ya rangi ya tai wa kaka yake, iliyotoka kwenye mashine asubuhi hiyo hiyo. Niliiweka tu juu ya kioo, karibu na ule ukurasa wake wenye maneno ya tai. Aliinama. Akamtazama ndege, akatazama maneno, akamtazama ndege tena.

"Kumbe huyu ndiye yeye," akasema. "Nimesoma habari zake miaka yote hii, mabawa hivi, kucha hivi, na sura yake sijui. Nilifikiri ni mkubwa tu kama mwewe."

Mteja akaomba kibiriti, hakusikilizwa. Kisha akaita mke wake alete bisibisi tufungue kaunta.

Wa tatu, jamani, nilikuwa naishi naye. Si nyumba moja, lakini mtaa mmoja. Ni yule mzee mwenye hosteli, ambaye kila mwisho wa muhula huja kwangu kutoa kopi za matangazo ya kuwaonya wanafunzi wasipike usiku. Miaka yote nimekuwa nikimtolea matangazo yake, na ndani ya kabati lake, kwenye faili moja na hati ya ploti, wamelala ndege ninaowatafuta. Nilimgombeza, yeye akashangaa kosa lake ni nini. Picha zilikuwa safi. Shida ilikuwa kurasa za maneno. Wajukuu walipoenda shule, bibi yao alizitumia kufunikia madaftari, kisha juu yake akaweka nailoni. Nailoni iliziokoa. Nilikaa siku nyingi na mvuke wa birika na kisu chembamba, nikibandua kurasa kutoka kwa madaftari ya hesabu ya watu ambao sasa wana ndevu.

Kati ya picha zake kulikuwa na ile iliyonimaliza kabisa: korongo mwenye taji la dhahabu. Juu kabisa ya picha, nyuma yake, kuna kinjia chembamba kinachoshuka kilima. Chini kuna maji, na korongo amesimama ndani yake, mguu mmoja umeinuliwa. Nilimweka juu ya meza, nikafunga kibanda mapema, wanafunzi wakagonga mpaka wakachoka.

Nilisafisha. Nikatoa kopi, nikazitia plastiki, nikawapelekea wazee watatu kila mmoja furushi lake, na furaha waliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Wa Kanyakine aliondoa kalenda, muujiza mkubwa, ili apate nafasi ukutani. Nilipomwuliza, kwa sauti ya upole ambayo mume wangu angeitambua na kuiogopa, je, zile kurasa zenyewe zikae na nani, alinijibu kwamba wamezungumza wote watatu kwa simu. "Kaa nazo wewe. Wewe si wa ukoo, hutaleta ugomvi."

Niliimba njia nzima. Kitabu kilikuwa changu. Kilibaki tu ganda, na bundi.

Nilienda Embu asubuhi yenye baridi, nikiwa na kurasa zote ndani ya boksi, sindano, uzi, gundi, na furushi la nne la kopi, la dada. Anaishi upande wa juu, penye majani chai, kwenye nyumba ya mbao yenye ua uliofagiwa mpaka ukang'aa. Mama mnene kidogo, leso mbili, macho makali. Alinikaribisha, akanipa uji wa wimbi, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaingia chumbani, akarudi na ganda.

Lilikuwa limefungwa ndani ya shuka nyeupe. Ngozi ya kahawia, na maandishi ya dhahabu mgongoni yaliyokuwa bado yanasomeka. Ndani yake, peke yake katikati ya upana wote huo, alikuwa amelala bundi. Safi. Hata ile karatasi laini ya kumfunika ilikuwepo.

"Mama, umelitunza," nikasema.

"Ningefanya nini kingine nalo?"

Nikamtolea furushi lake la kopi. Nikamwonyesha zinavyong'aa. Nikamweleza kwamba ndugu zake wameshapokea na wamefurahi, na kwamba mimi nitakitunza kitabu chenyewe vizuri, nikipata tu hilo ganda. Alitazama kopi ya juu. Akairudisha mezani kwa kidole kimoja.

"Mimi nipewe kopi?"

Nikaanza kuzipanga upya kopi zangu.

"Wewe unajua nani alikuwa anafungua hicho kitabu?" akasema. "Kila Jumapili, tukitoka kanisani, baba alikuwa anafungua ndege mmoja. Mmoja tu, tusimalize. Na ile karatasi laini juu ya picha, vidole vya hao wavulana vilikuwa vinaikunja. Vyangu vilikuwa vyepesi. Ilikuwa kazi yangu kuifunua. Wote wanangoja, hata baba anangoja, mpaka mimi nifunue." Akavuta leso. "Halafu baba akafa, wakanipa ganda, na ndege wasiyemtaka. Na sasa umetoka Meru kuja kunichukulia hata ganda, uniachie picha ya picha."

Nitasema ukweli: nilikasirika kwanza. Nilikuwa nimetembea, nimebembeleza, nimebeba nduma mpaka mgongo ukalia. Nilikuwa karibu kumwambia kwamba mimi si ndugu yake na si mimi niliyemnyima. Kisha nikatazama vile alivyokuwa ameshika lile ganda mapajani, kwa mikono yote miwili, na hasira yote ikaniishia. Nilimjua huyu mama. Nilimjua vizuri sana.

"Kwenu ulipewa nini?" akaniuliza ghafla.

"Baraka," nikasema.

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, na mimi nikaanza, tukacheka mpaka kuku wakatoka jikoni.

Alipopumua aliniambia nimpigie kaka yake mkubwa. Yeye mwenyewe hangempigia, lakini alitaka kusikia. Nikapiga, nikaweka simu kwa sauti kubwa juu ya meza. Nilijua ninachouliza, na nilijua ninachoweza kupoteza.

"Mzee, niko kwa dada yenu. Anauliza kitabu kikae na nani."

Tulimsikia akikohoa. Tukasikia ng'ombe nyuma yake. "Bundi bado yuko?"

"Yuko, mzee."

"Aah. Basi si akae nacho yeye tu. Mwambie ni chake. Sisi tuko na kopi." Halafu, akishusha sauti kama mtu anayetoa siri, "Na kopi ndizo nzuri. Hizo za zamani hazing'ai."

Simu ikakatika. Mama akajipiga goti. "Tuko na kopi!" akasema. "Wanaume watatu! Tuko na kopi!" Akacheka machozi yakamtoka, akayapangusa kwa leso, yakatoka mengine, na haya ya pili hayakuwa ya kicheko. Nilimwacha alie. Mimi pia moyo uliniuma, nisidanganye. Kitabu kilikuwa kimeniponyoka kikiwa mezani mbele yangu, na aliyekipata ni mtu ambaye nisingeweza hata kumwonea wivu.

Tukanawa mikono. Nikatoa sindano na uzi. Nilikuwa na kurasa lakini mpangilio wake sikuwa na uhakika nao, maana wembe ulikuwa umepita na namba za pembeni. Yeye alikaa karibu yangu, akawa ananipa ndege mmoja mmoja, kama walivyokuwa wanafuatana Jumapili zile. Tai. Baada ya tai, hondohondo. Halafu njiwa, halafu chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua. Bundi akarudi katikati ya watu wake. Kwenye kila picha iliyokuwa bado na karatasi yake laini, alisimama kidogo, akaifunua kwa vidole viwili, akaifunika tena. Nilishona mpaka jua likafika upande wa pili wa ua.

Tulipofika kwa korongo, hakunipa. Alimshika mkononi, akamtazama kwa muda.

"Hawakukwambia kuhusu huyu, eh? Walikwambia hakuna aliyenung'unika. Huyu ndiye aliyefanya wa Mikinduri na mdogo wake wakae mwaka mzima bila kusalimiana." Akamweka mbele yangu, upande wangu wa meza. "Chukua."

"Nimshone wapi?"

"Usimshone. Ni wako."

"Mama, hapana!" Niliruka. "Kitabu kitakuwa na pengo tena! Tumekusanya chote, kimebaki huyu tu, na wewe unataka kukiharibu?" Mimi, ambaye nimegombana na wauza njugu wa soko zima kwa sababu ya ukurasa mmoja, nilikuwa karibu kulia.

"Hilo pengo ni lako," akasema. "Wale walikaa wakagawa na mimi nikangoja mlangoni. Leo mimi ndiye ninayegawa. Wewe umelitembea hili shamba lote, huwezi kutoka bila kipande."

Nilijaribu kubishana tena. Akaniambia nikiendelea atanipa na bundi.

Akachukua kiondo changu, akakijaza maparachichi na makadamia, na juu kabisa, katikati ya kopi zake mbili za plastiki alizokuwa amezikataa, akamlaza korongo asikunjike. Kitabu kilibaki mezani kimefungwa, ndani ya ganda lake, kinene tena, kikiwa juu ya shuka nyeupe. Alinisindikiza mpaka barabarani, tukashikana mikono, na hatukuachiana upesi.

Siku iliyofuata nilimnunulia korongo fremu. Mume wangu akapigilia msumari kwenye kibanda, juu sana, karibu na dari, kwa sababu hajui urefu mwingine wa kutundika picha. Akashuka kwenye kiti, akajipangusa vumbi, akanitazama kwa makini.

"Niambie kama nimeelewa," akasema. "Ulienda Embu na kitabu kizima, ukarudi na ukurasa mmoja."

"Ndiyo."

"Na unacheka."

"Huyu ni urithi wangu," nikamwambia, nikimwonyesha kile kinjia cha juu, na maji yaliyo chini. "Toka barabarani hadi mtoni."